Mabaki ya kitenge yaliyonikosesha wateja

Nashona nguo za kike hapa Tandika mwaka wa 11 huu, na siku hizi ukinikuta nimekaa bure ujue umeme umekatika. Mwaka juzi hali ilikuwa nyingine. Cherehani ilipata vumbi mpaka mwanangu akachora katuni juu ya meza kwa kidole.

Shemeji yangu, mtu aliyekwisha funga maduka mawili ya kwake, akaniambia dawa ni matangazo. "Weka bango, shemeji, shusha bei kwa wateja wapya." Nikatii. Bango likala kama elfu 80 hivi, na gauni la elfu 25 nikaliweka 15 kwa anayekuja mara ya kwanza. Walikuja kweli, wakashonewa, wakaenda kumvizia fundi mwingine naye ashushe. Bi mkubwa mmoja niliyeanza kumshonea tangu nikiwa chini ya mwembe akasimama, akalisoma bango polepole, akauliza: "Kwa hiyo, mwanangu, ningekuwa sikujui ningelipa 15?" Nikajifanya natafuta bobini. Bango lile sasa limeezeka banda la kuku.

Lakini tusimsingizie shemeji. Watu niliwafukuza mwenyewe, kwa mkasi. Mafundi wenzangu watanuna, ila nasema: mteja akileta pea ya kitenge, yadi 6, gauni la kawaida linakula 4 hivi. Zilizobaki? "Kitambaa kilikuwa kidogo, dada, nimekibanabana tu." Wanangu wamekua wakivaa hizo "banabana".

Idi moja nikamshonea binti yangu gauni la marinda, kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Kapendeza huyo! Akatoka na wenzake kuomba mkono wa Idi nyumba hadi nyumba. Nyumba ya tatu ni ya mwalimu mmoja, mteja wangu. Mwalimu akafungua mlango, naye amevaa ndege wale wale. Mtoto akaruka kwa furaha: "Tumefanana! Na mama kashona mpaka foronya!"

Alipewa elfu 2 yake vizuri tu. Mimi ndiye niliyekiona, maana mwalimu hakukanyaga kwangu miezi minane. Angenigombeza ningepumua. Alikuwa akipita ananisalimia, "Hujambo fundi", huku kitambaa kwapani anakipeleka kwa jirani yangu.

Ndipo nikanunua kaunta buku. Kila mteja ukurasa wake: vipimo, nani hapendi mkono mfupi, nani bega moja limeshuka. Huyo wa bega ukimshonea sawa kwa sawa, shingo ya gauni inahama naye anakuona hujui kazi. Zamani vipimo niliandika kwenye kipande cha boksi, kikipotea nampima upya mtu aliyekuja mara 20. Ubavuni naacha inchi nzima ndani ya mshono. Akinenepa nampanulia bure, na ajabu ni kwamba anayekuja kuchukua gauni lililopanuliwa mara nyingi ana kitambaa kipya mkononi. Kuelekea Idi na Krismasi sipokei mgeni mpaka wenyeji wangu waishe. Nimeshatukanwa kwa hilo, sawa tu.

Mabaki nayakunja pamoja na nguo. Yakitosha kilemba nashona bila kuombwa.

Mwalimu nilimfuata mwenyewe. Nilizunguka Kariakoo, mtaa wa Uhuru, siku nzima nikiwasaka ndege wale. Nilitaka yadi 2 tu, muuzaji akagoma kukata, nikabeba pea nzima kwa pesa ya kodi. Mwalimu akaitazama, akaguna. "Sasa yadi 6 zote hizi nizifanye nini, fundi?" Nikamwambia hata mimi sijui. Akacheka, mara ya kwanza tangu Idi.

Baada ya miezi miwili hivi akaniletea sare za send-off ya mdogo wake, watu 14. Siku tatu sikulala. Walipokuja kuchukua, kabla hata hajajaribu la kwake, akanyoosha mkono: "Mabaki kwanza." Nikampa mfuko. Akavimwaga vipande vyote mezani, akaanza kuvipanga kimoja kimoja mbele ya shangazi zake, na binti yangu akamsogelea kumsaidia kuhesabu.