Kutangulia na Kamba katika Majabali ya Mwanza

Kabla basi letu kutoka Shinyanga halijaingia stendi ya Nyegezi, mawe yaliyonileta Mwanza yalikwisha kuonekana, yamepandana juu ya vilima na nyumba zimejipenyeza katikati yake. Nilizoea kupanda kwa kamba iliyotundikwa juu tayari. Safari hii nilikuja kujifunza kutangulia, yaani kupanda huku kamba ikinifuata kutoka chini, nikiipitisha mwenyewe kwenye kila kabari niliyoichomeka ufani.

Siku za mwanzo hatukupanda chochote cha kujivunia. Mkufunzi wetu, mtu wa maneno machache, alituweka chini ya majabali yanayotazama ziwa, akatutaka tuchomeke kabari za chuma tukiwa tumesimama ardhini, kisha tuzifunge utepe na kuukanyaga kwa uzito wote wa mwili. Matale haya, yaani mawe ya graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yamemomonyoka kwa kufuata nyufa zake hadi yakawa mviringo, na tabaka lake la nje hubanduka kama maganda ya kitunguu. Kwa hiyo tulifundishwa kuligonga jiwe kwa kiganja kabla ya kuliamini: lililo zima hutoa sauti fupi na kavu, ilhali ganda lililoachana na mwamba hutoa mvumo.

Halafu ikaja hesabu ya kuanguka, ambayo kwa maoni yangu ingestahili kufundishwa kabla ya mtu kuvalishwa mkanda. Aliye mita 2 juu ya kabari yake ya mwisho huanguka mita 4 na ziada, kwa sababu kamba hulegea na kunyumbuka. Tena mita za mwanzo ndizo za hatari zaidi, kwani ardhi iko karibu na kamba iliyotoka bado ni fupi mno kuumeza mshtuko.

Tulipanda alfajiri, kwa kuwa kufikia saa tano jiwe huwaka na vidole hutoa jasho, tukawaachia pimbi na mijusi uwanja wao. Zamu yangu ilipofika nilipewa ufa wa wima, huku dada mmoja wa Ilemela akinishikia kamba. Niliichomeka kabari ya kwanza mapema, nikaivuta, nikapitisha kamba, nikaendelea. Karibu na kilele nilikawia kuliko nilivyotaka, maana ufa ulipanuka na kila kabari niliyoijaribu ilicheza, hadi nikapata mbano chini kidogo, mkono mmoja ukitetemeka.

Juu nilifunga nanga, yaani mahali pa kushikizia kamba, ya kabari tatu, nikihakikisha pembe kati ya tepe haizidi nyuzi 60, kwani nanga ya pande mbili ikifika nyuzi 120, kila upande hubeba uzito kamili. Kisha nikamwita mwenzangu, aliyepanda akichomoa kabari zangu moja moja, akakwama kwa muda mrefu kwenye ile ya mbano.

“Kaka, hii uliigongelea nyundo?” alipaza sauti, akanidai sato mzima wa kukaanga kabla hajaendelea kupanda.