Mwezi wa Fundi, Mwezi Wangu

Jumamosi moja ya Januari tulikuwa tunairudisha saa ya kabati kwenye nyumba ya mawe mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Kabati la mwaloni limenizidi urefu, vizito viwili vya risasi, pendulamu ya karibu mita moja. Mashine yenyewe fundi saa aliibeba peke yake, kifuani, kama kichanga.

Usoni pa saa paliandikwa jina la aliyeitengeneza, Thomas Lister. Walikuwa wawili, fundi akanieleza, baba na mwana, jina moja, karne ya 18: baba kule Luddenden, mwana hapa mjini. Jina la seremala halikuandikwa popote. Hilo liliniudhi kidogo, maana kilichoniumiza mgongo ni kazi yake yeye.

Juu ya uso kuna kidirisha cha mwezi. Nyuma yake inazunguka sahani iliyochorwa miezi miwili, yenye meno 118, na kila saa 12 husogezwa jino moja. Siku 59 inamaliza mzunguko. Watu wa vilima hivi waliitazama kabla ya kupanga safari ya usiku. Nikamkumbuka babu, mvuvi, aliyehesabu mwezi kwa vidole ili ajue bamvua, siku za maji makuu ya bahari.

"Leo mwezi una siku ngapi?" fundi akauliza, huku akipapasa mifuko kutafuta miwani.

"Kumi na moja." Ilikuwa Rajabu, sikuhitaji kufikiri.

Akanitazama. Akaisukuma sahani kwa kidole mpaka 11. Miwani ilipopatikana akafungua kalenda yake, akaongeza meno mawili: tak, tak. Kumi na mbili.

Nikamwambia sisi Waislamu huanza kuhesabu mwezi ukishaonekana kwa macho. Kalenda yake, akasema, huanza mwezi ukiwa bado gizani.

"Basi rudisha."

"Hairudi. Meno yamekatwa kuelekea upande mmoja. Ukiitaka jana, uzungushe karibu mwezi mzima."

Akaning'iniza pendulamu, akatega sikio. Mlio ulikuwa unachechemea. Akakunja kipande cha karatasi, akakipachika chini ya mguu wa kabati, akasikiliza tena, akakunja kingine, mpaka tak ikalingana na tak.

Tulitoka saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia. Sote wawili tukainua vichwa. Mawingu matupu, na manyunyu.