Nilivyohamisha seva ya depo ya dawa kutoka VMware kwenda Proxmox hapa Lubumbashi

Wanaoniuliza habari za kuhamisha mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi kama programu ndani ya seva, huanzia kwenye diski: faili ya VMDK, ambayo ndiyo diski ya mashine hiyo kwenye VMware, nitaigeuzaje ili programu nyingine iisome? Hilo lina amri moja tu, na nitaitaja. Kazi niliyoifanya kwenye depo moja ya dawa katika komini ya Kampemba ilinionyesha wazi kwamba sehemu kubwa ya uhamisho hufanyika mashine ikiwa bado kwenye seva ya zamani, kabla diski haijaguswa.

Depo ile ina mashine pepe mbili. Moja ni Windows Server 2016 yenye programu ya uhasibu na stoku, hesabu zote zikiwa zimepangwa kwa utaratibu wa OHADA, kanuni za uhasibu zinazotumiwa na nchi kadhaa za Afrika. Nyingine ni Debian ndogo ya kuhifadhia faili za ofisi. Zote mbili ziliishi ndani ya VMware ESXi ya bure, programu inayoendesha mashine pepe kwenye seva. Broadcom ilimaliza kuinunua VMware Novemba 2023, na Februari 2024 toleo hilo la bure likaondolewa. Lilirudishwa 2025, lakini kwangu jambo zito lilikuwa lingine: ESXi ya bure haikuziruhusu programu za nakala rudufu kufanya kazi kwa kupitia mfumo wake wa usimamizi. Ukitaka nakala, unazima mashine na kunakili kwa mkono. Depo ya dawa ikipoteza stoku yake ya kwenye kompyuta imepoteza pia tarehe za dawa kuisha muda, na hapo anayeumia ni mgonjwa. Nilitaka nakala zijifanye zenyewe kila usiku. Proxmox VE, inayotengenezwa Vienna, Austria, juu ya Debian na KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe), inalifanya hilo bila kudai leseni ya kulipia. Depo ikanunua seva ya pili, nikaanza.

Mama mhasibu aliniita kabla sijagusa kitu. "Mwanangu, mambo ya seva mimi siyajui. Nataka nikifungua asubuhi, fakitire ya mwisho niliyotoa niikute palepale, na namba inayofuata iwe ile inayofuata."

"Itakuwa hivyo, Mama."

Nikaiandika namba ya fakitire hiyo, yaani ankara, kwenye daftari langu. Ndiyo ingekuwa kipimo changu. Mashine kuwaka peke yake hakutoshi.

Kwenye ESXi nilianza kwa kufuta snapshoti zote, yaani hali za mashine zilizohifadhiwa ili kurudi nyuma, ili zijumuishwe kwenye diski kuu. Snapshoti ikibaki, data mpya inakaa kwenye faili ya pembeni yenye jina linaloishia na 000001, na ukihamisha diski kuu peke yake unahamisha hali ya zamani. Kisha nikafungua faili ya .vmx, yenye mipangilio ya mashine kwa maandishi ya kawaida, nikatafuta mambo matatu. Kwanza, mstari wa firmware, yaani programu inayoiwasha mashine: ukisomeka "efi", mashine mpya kule Proxmox lazima iundwe kwa chaguo la OVMF; mstari usipokuwepo, mashine inawaka kwa BIOS, na unachagua SeaBIOS. Ukikosea hapo, Windows haianzi kabisa hata diski ikiwa nzima. Pili, anwani ya MAC, namba inayoitambulisha kadi ya mtandao. Tatu, uuid.bios, namba inayoitambulisha mashine yenyewe. Hayo mawili ya mwisho wengi huyaruka, lakini programu nyingi za uhasibu hufunga leseni yake kwenye utambulisho wa mashine. Proxmox inakuruhusu kuandika MAC ileile na UUID ileile, basi ziandike. Ni dakika chache zinazokuepusha kumbembeleza muuzaji wa programu akutumie msimbo mpya wakati wateja wamejaa kaunta.

Ndani ya Windows nilinakili mipangilio yote ya mtandao, nikaiweka kadi ipokee anwani yenyewe kwa DHCP, kisha nikaondoa VMware Tools, programu ya VMware inayowekwa ndani ya mashine pepe pamoja na draiva zake. Mpangilio huu una sababu. Ukiiacha anwani ya kudumu kwenye kadi ya zamani, Windows inaendelea kuikumbuka kadi hiyo hata baada ya kutoweka, na ukijaribu kuipa kadi mpya anwani ileile inakulalamikia. VMware Tools nayo husumbua kuiondoa ukishahamia kwingine, kwa sababu kiondoaji chake kinaweza kukataa kufanya kazi nje ya VMware. Na uiondoe ukiwa kwenye konsoli ya ESXi yenyewe: kadi ya mtandao ya VMware aina ya vmxnet3 hupoteza palepale draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia, na ukiwa umeingia kwa mbali utakatwa kazi haijaisha.

Baada ya hapo ndipo nilipoizima mashine, kwa kuzima kamili, nikafungua SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) na kunakili.

Hapa kuna kitu kinachowapotosha watu. Diski ya ESXi ni faili mbili. Moja ni kubwa, jina lake linaishia na -flat.vmdk, hiyo ndiyo data. Nyingine ni ndogo mno, na ukiifungua unaona mistari ya maandishi, mmojawapo ukiwa huu: RW 167772160 VMFS "depo-flat.vmdk". Namba hiyo ni idadi ya sekta za baiti 512, yaani gigabaiti 80 kamili, na jina lililofuata ni la faili ya data. Amri ya kugeuza inaelekezwa kwenye ile ndogo, nayo ndiyo inayoiongoza kwenye kubwa. Kwa hiyo nakili zote mbili, zikae folda moja, na usibadilishe jina la yoyote. Diski ya nje iwe na fomati ya exFAT au ext4. FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Nilipomaliza nikapiga sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili, pande zote mbili na kulinganisha. Kwenye mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, sitaki kuamini nakala kwa macho tu.

Kuhusu umeme: toleo la Proxmox 8.2, la mwaka 2024, lina njia ya kuunganisha seva ya ESXi moja kwa moja na kuvuta mashine kupitia mtandao, na linakujazia mipangilio mingi lenyewe. Ni njia nzuri, na mwenye umeme wa uhakika aitumie. Mimi nilipenda kuwa kwanza na nakala kamili mkononi, kwenye diski isiyotegemea seva yoyote, ndipo nigeuze. Ondulere ya depo, yaani betri ya akiba, inabeba seva moja kwa muda mfupi, na jenereta inachukua muda kuwaka. Kugeuza kunasoma tu faili ya mwanzo, hakuiandiki. Umeme ukikatika katikati, unafuta kile kipande cha upande wa pili na kuanza upya.

Kule Proxmox niliunda mashine tupu yenye namba 101 isiyo na diski, kisha:

qm disk import 101 depo.vmdk local-lvm

Sehemu tupu za diski hazichukui nafasi kwenye hifadhi hiyo ya local-lvm, kwa hiyo gigabaiti 80 zilijaza chini ya nusu. Mwenye KVM ya kawaida atatumia qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2, na wa VirtualBox ana VBoxManage clonemedium.

Sasa hatua ninayoiona kuwa ndiyo roho ya kazi yote. Diski ya aina ya VirtIO, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, ina kasi kuliko zile za kuigiza SATA (diski za kawaida za kompyuta), lakini Windows haina draiva yake. Ukiiunganisha hivyo mara ya kwanza, Windows inaanza, inaitafuta diski yake yenyewe, haioni, inaleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ni sawa na mtu aliyefungiwa nje, na ufunguo uko ndani. Kwa hiyo diski kuu niliiunganisha kama SATA, ambayo Windows inaijua, na kando yake nikaongeza diski nyingine tupu ya gigabaiti 1 kwenye VirtIO SCSI. Nikaweka pia ISO ya virtio-win, faili ya CD yenye draiva hizo, ambayo ni vizuri kuipakua mapema kwa sababu ina mamia ya megabaiti. Windows ikawaka. Kwenye orodha ya vifaa kukawa na kimoja chenye alama ya njano. Nikakipa draiva ya vioscsi kutoka kwenye ISO hiyo, na ile diski ndogo ikajitokeza. Kuanzia hapo Windows inajua kuipakia draiva hiyo wakati wa kuwaka. Nikazima, nikaichomoa diski kuu kwenye SATA na kuirudisha kama scsi0, yaani ya kwanza kwenye VirtIO SCSI, nikaitoa ndogo. Na lazima uende kwenye Options kupanga tena mpangilio wa kuwasha, maana ukibadilisha aina ya diski, mashine haijui tena ianzie wapi.

Majaribio hayo yote niliyafanya kadi ya mtandao ikiwa imetenganishwa, ili seva mbili zenye jina moja zisikutane. Niliporidhika nikairudisha anwani ya kudumu.

Saa nayo iangaliwe. Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, kwa hiyo kwenye Proxmox chagua Africa/Lubumbashi, na aina ya mfumo iandikwe Windows ili saa ya mashine isomwe kama saa ya hapa. Fakitire yenye saa isiyo yake ni shida mbele ya mkaguzi.

Debian haikunichosha. Draiva za VirtIO imezaliwa nazo. Kilichobadilika ni jina la kadi, kutoka ens192 kuwa ens18, nikalirekebisha kwenye /etc/network/interfaces na faili za ofisi zikaonekana.

Asubuhi Mama alikaa, akafungua programu, akasoma namba kwa sauti nami nikiifuata kwenye daftari. Ilikuwa ileile. Leseni haikuuliza kitu. Akatoa fakitire ya mteja aliyekuwa akisubiri, namba ikafuata.

"Sasa ile ya zamani unaitupa?"

"Hapana, Mama. Inakaa imezimwa, na diski zake ndani, mpaka ufunge hesabu za tarehe 31 Desemba."

Alipozifunga, niliifuta ESXi na kuweka Proxmox Backup Server, nayo sasa ndiyo inayopokea nakala za kila usiku, ikiwa kwenye chumba kingine na ondulere yake.