Dawa Zinazokaimu Kazi ya Ovari

Mama mkwe wangu ni mtu wa maswali ya moja kwa moja, na alipokuja kutusalimia hapa Sinza akakuta wifi yangu anaandaa sindano, aliniuliza: "Mwanangu, mimba si imeshaingia? Mbona bado unachomwa?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba daktari ameagiza niendelee, akaridhika, nasi tukahamia kwenye mazungumzo mengine. Hata hivyo swali lake ni zuri kuliko jibu nililompa, kwa kuwa mimba yangu ilitokana na kiinitete, yaani yai lililorutubishwa nje ya mwili, kilichogandishwa kisha kupandikizwa, na sindano hizo ni za homoni, na ninaandika haya ili angalau shajara yangu ipate jibu kamili.

Katika mwezi wa kawaida, yai linapotoka kwenye ovari, kifuko lilimokuwa hakipotei. Hugeuka kuwa tezi ndogo ya manjano, ambayo madaktari huiita korpasi luteumu, na tezi hiyo ndiyo inayomwaga projesteroni, homoni inayouandaa utando wa ndani wa mji wa mimba upokee kiinitete na kukishikilia. Mwaka 1903 daktari wa Ujerumani, Ludwig Fraenkel, alichapisha majaribio yake ya sungura yaliyoonyesha kwamba tezi hiyo ikiharibiwa mapema, mimba haishiki. Sasa, mimi katika mzunguko huu sikutoa yai. Viinitete vyetu vilikuwa vimegandishwa tangu awamu ya kwanza ya matibabu, kwa kuwa ovari zangu ziliitikia sindano za kukuza mayai kwa nguvu mno na daktari akaona ni hatari kupandikiza papo hapo. Hedhi yangu nayo haina mpangilio, hivyo akachagua mzunguko wa dawa badala ya mzunguko wa asili, ambao huwafaa zaidi wanawake ambao mayai yao hutoka kwa wakati unaotabirika. Matokeo yake ni kwamba hakuna yai lililotoka, hakuna kifuko kilichobaki na hakuna tezi ya manjano. Wengi hudhani kwamba homoni hizi ni nyongeza, kwamba zinausaidia mwili ambao tayari unajitahidi wenyewe. Kwangu mimi dawa ni kaimu mwenye madaraka yote ya ofisi ambayo mwenyewe hayupo, na kaimu huyo asipofika kazini, hakuna mwingine wa kutia saini.

Ndiyo maana nimekuwa mkali kuhusu saa. Tulianza na homoni nyingine, estrojeni, vidonge vya estradioli vya miligramu 2 mara tatu kwa siku, kuanzia mwanzoni mwa hedhi. Kazi yake ni kuukuza utando na, kwa wakati huohuo, kuituliza ovari isikuze yai lake yenyewe. Nilijipangia saa moja asubuhi, saa tisa mchana na saa tano usiku, na kile cha saa tisa nilikimeza ofisini bila kumweleza mtu. Baada ya wiki mbili hivi nilipigwa utrasaundi, na nikajifunza kutazama kioo pamoja na daktari: alitaka unene usiopungua milimita 7, na utando unaoonekana kuwa na tabaka tatu. Utando ulipofika hapo ndipo projesteroni ilipoanza, na kuanzia wakati huo kalenda haikuwa na nafasi ya kujadiliana. Kiinitete cha siku ya tano hupandikizwa katika siku ya sita ya projesteroni, kwa sababu umri wake na umri wa utando lazima vilingane. Muda ambao utando hukubali kupokea kiinitete ni mfupi, na projesteroni ndiyo inayoufungua. Muuguzi alipoandika kwenye karatasi yangu saa ya kuweka dozi ya kwanza, aliizungushia duara mara mbili, nami nikaelewa kwamba hata siku ya upandikizaji ilikuwa imepangwa kwa dozi ile.

Kuhusu aina ya projesteroni, nilibishana kidogo na daktari, kwa adabu. Mimi nilitaka vidonge vya kuweka ukeni peke yake, kwa kuwa naogopa sindano na sioni haya kulisema. Yeye alinieleza kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021, uliowashirikisha zaidi ya wanawake elfu moja katika mizunguko ya viinitete vilivyogandishwa kama huu wangu. Waliotumia projesteroni ya ukeni pekee walijifungua watoto hai kwa takriban asilimia 27, ilhali waliochomwa sindano ya msuli kila siku walifikia asilimia 44, na waliotumia ya ukeni pamoja na sindano kila baada ya siku mbili walifikia asilimia 46. Dozi na aina za dawa hutofautiana kutoka kliniki moja hadi nyingine, na zipo kliniki zinazotumia ya ukeni pekee kwa dozi kubwa zaidi huku zikipima kiwango cha homoni katika damu, kwa hiyo sisemi kwamba kila mtu afuate njia yangu. Lakini tofauti ile ilitosha kunifanya nikubali mchanganyiko.

Sindano yenyewe ni projesteroni iliyoyeyushwa katika mafuta, mara nyingi ya ufuta, na kabla ya kuiandika daktari aliniuliza kama ufuta au karanga hunidhuru, kwa sababu baadhi ya dawa hizi hutengenezwa kwa mafuta hayo. Mafuta ni mazito na huingia taratibu. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi, huishika chupa kiganjani hadi ipate joto, hunichoma sehemu ya juu ya nje ya tako, kisha hunikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na bado vinundu vinabaki. Asante yangu kwake haiwezi kuandikika hapa, hasa kwa kuwa hutoka kazini Temeke akiwa amechoka na kupanda magari mawili ndipo anifikie.

Vidonge vya ukeni vina mtihani wake wa Dar es Salaam. Vyangu vimetengenezwa kwa mafuta yanayoyeyuka kwa joto la mwili, jambo ambalo ndilo linalotakiwa vikiwa ndani, lakini joto la Januari katika jiji hili halisubiri viingie ndani. Maelekezo ya pakiti yanataka visihifadhiwe mahali penye joto kali, na mkoba uliokaa kwenye dirisha la daladala mchana ni mahali penye joto kali. Basi dozi ya mchana husafiri katika kifuko chenye barafu, ya nyumbani hukaa sehemu ya chini ya jokofu, na mume wangu amepewa wizara moja tu, ya kuhakikisha umeme wa LUKU hauishi usiku.

Kilichonichosha zaidi ya sindano ni dalili. Projesteroni hujaza tumbo gesi, huumiza matiti, huleta usingizi wa mchana na kufunga choo. Hizo zote ndizo dalili ambazo mashangazi hutumia kumtambua mjamzito kabla hajasema neno. Katika siku za kusubiri kipimo cha damu nilikuwa nazo zote, na hazikuwa na maana yoyote, kwa sababu zingekuwepo hata kama kiinitete hakikushika. Vilevile nilipoona matone ya damu baada ya kipimo kutoa majibu mazuri, msukumo wangu wa kwanza ulikuwa kuacha kila kitu na kulia. Daktari alisema kwa simu niendelee na dawa zote bila kuruka hata dozi moja, kisha nije nipimwe, kwa kuwa matone huonekana hata katika mimba zinazoendelea vizuri, na kukatisha homoni kwa hofu kungeweza kuiharibu mimba iliyo salama. Dawa za miti shamba ambazo jirani mmoja aliniletea kwa moyo mwema nilizipokea kwa shukrani na sikuzitumia. Katika hali ambapo kila miligramu imehesabiwa, sitaki kitu ambacho daktari wangu hawezi kukihesabu.

Na mwisho wa dawa hizi ni lini? Hili ndilo jibu hasa la swali la mama. Mwaka 1973 Arpad Csapo na wenzake walionyesha kwamba mwanamke akiondolewa ile tezi ya manjano kabla ya takriban wiki ya saba, mimba huharibika, lakini akipewa projesteroni badala yake, mimba huendelea. Baadaye kondo la nyuma huanza kujitengenezea homoni za kutosha na kushika kazi. Makabidhiano hayo hufanyika taratibu, na ndiyo maana madaktari wengi huendelea na dawa hadi kati ya wiki ya kumi na ya kumi na mbili ili kuacha nafasi ya usalama. Mimi nitapunguziwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari, ingawa najua kwamba siku nitakayoambiwa niache sindano, niliyoichukia kiasi hiki, nitaogopa kuiacha.

Liko jambo moja ambalo kaimu huyu halifanyi. Ile tezi hutoa pia homoni nyingine, kama rilaksini, zinazousaidia mfumo wa damu wa mama kuizoea mimba, na hizo hazimo katika vidonge wala sindano zangu. Tafiti za miaka ya karibuni zimeona kwamba mimba za mizunguko ya dawa isiyo na tezi hiyo hupata shinikizo la damu na dalili za kifafa cha mimba mara nyingi zaidi kuliko za mzunguko wa asili. Kwa ajili ya hatari hiyo daktari amenizungumzia kuhusu aspirini ya dozi ndogo, na nimemwomba aandike kwenye barua ya rufaa kwamba mimba hii ni ya mzunguko wa dawa. Barua hiyo nitaibandika ndani ya kadi yangu ya kliniki ya wajawazito, ili mkunga yeyote atakayenipima presha ajue kwa nini namba zangu zinastahili kutazamwa mara mbili.