Ukoko wa saa saba usiku

Alhamisi, usiku

Leo nimekaa na mwanasaikolojia wangu kwa mara ya nane. Siku ya kwanza nilipoingia chumbani kwake, kabla sijamtazama yeye nilitazama kiti. Wenye miili kama wangu tunaijua hiyo: kina mikono? Ni cha plastiki? Nikikaa, nitainuka bila kuinuka nacho? Chake kilikuwa cha mbao, kipana, hakina mikono. Nikakaa, na machozi yakanitoka hata jina hajaniuliza. Ni muda mrefu sijafika mahali nikakuta mtu amenifikiria kabla sijafika.

Nilikwenda kwake nikiwa na kilo 104, na urefu wangu ni mita 1.60. Gawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata zaidi ya 40, na kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, huhesabiwa kuanzia 30. Hesabu hiyo ninaijua kama jina langu, nimesomewa kliniki si mara moja. Daktari mmoja aliniambia huku anaandika, uso hajauinua: "Mama, ni kufunga mdomo tu." Nilitoka pale nikaenda kwa muuza chipsi, nikaagiza chipsi mayai mbili, nikamwambia azifunge mbalimbali ili ajue moja ni ya mtu wa nyumbani. Nilizila zote mbili nyuma ya kituo cha daladala.

Kula kiasi gani, nimeambiwa na kila mtu. Huyu dada ndiye wa kwanza kuniuliza ninakula saa ngapi, na kabla ya kula huwa kumetokea nini.

Ninakula saa saba usiku. Jikoni, taa imezimwa, mume wangu na watoto wamelala. Ninafunua sufuria ya wali, ninakwangua ukoko kwa mwiko wa mbao, maana kijiko cha chuma kinalia. Ninakula nimesimama. Simalizi kwa sababu nimeshiba, namaliza kwa sababu umekwisha. Halafu ninaosha sufuria kimya kimya, ninarudi kitandani nikijichukia.

"Nani alikuwa anakubakishia ukoko?" akaniuliza.

Sikuweza kujibu. Mama alifariki Tanga mwaka 2019. Utotoni, wali wa nazi ukishapakuliwa, yeye alikuwa akikwangua ukoko wote na kuuweka kwenye kisahani cha bati, akisema, "Huu wa kitinda mimba wangu, asiguse mtu." Msiba ulipotokea mimi nilikuwa jikoni, nahesabu sahani za wageni na kuuliza sukari imebaki kiasi gani. Watu walinisifu kwa kujikaza. Arobaini ikapita, kila mtu akarudi kwake, na mimi nikarudi Dar na kazini. Mama sikuwa nimemlilia. Nilimlilia kwenye kile kiti cha mbao, miaka mingi baadaye, na yule dada hakunikatiza wala hakunipa karatasi ya vyakula.

Simaanishi kwamba kila mnene ana jeraha. Kuna damu ya ukoo, kuna dawa zinazonenepesha, kuna usingizi mbaya, kuna mafuta ya kukaangia yaliyo kila kona ya mji. Lakini pia kuna hili. Yule dada aliwahi kunisimulia habari za daktari Vincent Felitti wa San Diego, Marekani, aliyekuwa na mpango wa kupunguza uzito miaka ya 1980. Alishangaa kuona waliokuwa wanapungua vizuri ndio wanaoukimbia mpango. Alipowauliza maisha yao, wengi walimsimulia kudhulumiwa kingono wakiwa watoto; kwa baadhi yao unene ulikuwa ngao. Mwaka 1998 yeye na Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 9,000 kuhusu machungu ya utotoni na maradhi ya ukubwani. Nilisikiliza nikasema moyoni, kumbe kuna watu waliwahi kuuliza.

Kazi aliyonipa yule dada ilinishangaza. Nilidhani ataninyima chakula. Akaniambia nile asubuhi. Mchana kazini nilikuwa sili kabisa, kwa aibu ya kutafuna mbele ya wenzangu, na huko kushinda na njaa ndiko kulikokuwa kunanisukuma jikoni usiku. Akaniambia nisijipime kila siku. Akaniambia ninunue daftari, niandike saa, chakula, na moyo ulikuwaje. Jumatatu moja niliandika: "Saa 7 usiku. Ukoko, maandazi matatu. Konda alisema kwa sauti, mama bonge anakaa siti mbili alipe mbili. Watu walicheka." Niliposoma mstari huo mchana kweupe nikaona njaa haikuwepo kabisa. Kulikuwa na fedheha.

Kwetu mwili huu una maneno mawili kwa wakati mmoja, na hilo linachosha. Mtaani ni bonge, tipwatipwa. Nikienda Tanga, shangazi yangu ananishika mashavu: "Umenawiri mwanangu, mumeo anakutunza." Nikikataa sahani ya pili anaumia, kama nimemkataa yeye. Na nikikonda wataulizana chini chini naumwa nini. Daktari aliyesema nifunge mdomo hakujua kwamba mdomo wangu ndio ninaompendea shangazi.

Hizi fedha za vikao natoa mfukoni, bima hailipi, na inaniuma kwamba anayekatwa mguu kwa kisukari atalipiwa lakini anayelia kabla ya kufika huko hapana.

Uzito nilioukuta leo ni kilo 101. Tuliongea kuuhusu dakika moja hivi. Muda uliobaki tuliongea juu ya Jumamosi, maana ninakwenda Tanga kuzuru kaburi na shangazi ameshasema atapika wali wa nazi. Nilimwambia ninaogopa. Akachukua kalamu, akasema tuandike kabisa nitamjibu nini shangazi akitaka kunipakulia tena, kisha nikayasema kwa sauti mara tatu, yeye akijifanya shangazi na sahani mkononi. Tumeandika hivi: "Shangazi, nimeshiba, Mungu akubariki. Weka sahani chini, kaa hapa na mimi, unisimulie mama alikuwaje alipokuwa msichana."