Hisa za Pfizer ama bondi zake? Tuelewane kwanza

Chama chetu hapa Kisumu kimeanza kuongea mambo ya kununua hisa za nje, manake siku hizi simu tu inatosha kufungua akaunti, na jina linalotajwa sana ni Pfizer, kampuni ya dawa ya Marekani, juu kila mtu analikumbuka toka wakati wa korona. Mama mmoja anayeuza mitumba Kibuye akauliza swali zuri sana, kama hawa watu wanauza dawa dunia nzima, mbona hisa zao zilianguka vile?

Hebu tuanze na tofauti yenyewe. Ukinunua hisa umekuwa mwenye kampuni, hata kama ni kipande kidogo sana kwa zile hisa zaidi ya bilioni 5. Hakuna mtu amekuahidi kitu, wakurugenzi wakiamua kulipa dividendi, yaani kugawa sehemu ya faida, unapata (2023 walilipa dola 1.64 kwa kila hisa), bei ikipanda ni yako na ikishuka ni yako. Bondi ni deni. Mei 2023 Pfizer walikopa dola bilioni 31 kupitia bondi ili wanunue Seagen, kampuni ya dawa za kansa, kwa karibu bilioni 43, na bondi ya mbali kabisa inaisha 2063 ikilipa asilimia 5.34 kwa mwaka. Kwa hivyo aliyewakopesha dola 1,000 anapewa 53.40 kila mwaka, nusu kila miezi sita, halafu 2063 anarudishiwa elfu yake. Seagen ikileta dawa kubwa ya kansa yeye haongezewi hata senti, ni kama kumkopesha mtu pesa ya boda badala ya kuinunua pamoja naye. Lakini kampuni ikianguka, huyo wa bondi analipwa mbele na mwenye hisa anangoja mabaki.

Sasa swali la mama. 2022 Pfizer waliuza dola bilioni 100 hivi, na karibu 57 kati ya hizo zilitoka kwa chanjo ya korona na Paxlovid, vidonge vya kutibu korona, peke yake! Mwaka uliofuata watu wakaacha kuzitafuta, mauzo yakashuka mpaka 58.5, na hisa iliyokuwa karibu dola 60 Disemba 2021 ikamaliza 2023 chini ya 30. Waliokuwa na bondi za kampuni hiyo hiyo waliendelea kupata riba yao kama kawaida.

Na hata bila korona, kampuni za dawa zina kitu kinaitwa patenti, na ikiisha wengine wanaruhusiwa kutengeneza dawa ile ile kwa bei ya chini. Lipitor ya kolesteroli ilikuwa inawaingizia zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka, patenti ikaisha Marekani Novemba 2011. Leo ukiingia kemist hapa na karatasi ya daktari utauziwa atorvastatin, dawa ile ile ya Lipitor, ya kampuni nyingine, bei nafuu, na mimi nafurahi sana kwa hilo, lakini mwenye hisa ndiye wa kwanza kuumia.

Bondi pia si salama hivyo. Riba za soko zikipanda, bondi ya zamani inashuka bei, na ukitaka kuuza kabla ya muda wake unapata hasara. Halafu kuna dola, Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160 na kufika Agosti ilikuwa kama 129, hapo asilimia 5 yako imeisha yote na zaidi. Mwezi wa Februari mwaka huo huo serikali yetu ilitoa bondi ya miundombinu ya asilimia 18.46 bila kodi, na ile dividendi ya Pfizer inakatwa asilimia 30 Marekani kabla ikufikie.

Kwa chama nimesema hivi, pesa za fees za Januari zisikaribie hisa za Pfizer kabisa, na anayezitaka atumie pesa inayoweza kukaa miaka kumi bila kuguswa na aangalie kwanza ni dawa gani zinakaribia kumaliza patenti.