Nilivyorudi Marikiti gizani

Saa kumi na dakika kumi za alfajiri. Watoto wamelala. Kikapu kiko begani, leso nimeifunga kichwani, mkono uko juu ya komeo la mlango, na mkono umekataa kuvuta. Nilisimama hivyo mpaka adhana ikalia msikiti wa mtaa wa pili. Kisha nikavua viatu, nikarudi kitandani na nguo zangu zote, nikajifunika shuka gubigubi. Hiyo ilikuwa Aprili 2023, na ilikuwa asubuhi ya kumi na mbili mfululizo.

Mimi nauza mboga Umoja, mtaa mmoja wa Nairobi. Yeyote wa kazi hii anajua kwamba Marikiti, soko la jumla la mboga mjini, ni alfajiri. Malori ya Kirinyaga, Nyandarua na Meru hushusha mzigo usiku, na kufikia saa kumi na moja wenye macho wameshachagua. Ukifika saa mbili unakuta nyanya zilizobonyezwa na vidole vya watu mia, sukuma wiki imelala kama nguo iliyoloa, na bei ni ile ya mtu anayenunua mwisho. Kwa hiyo anayeogopa giza hawezi kuuza mboga nzuri. Kwangu hofu haikuwa jambo la rohoni tu, iliingia mpaka kwenye karo.

Chanzo chake ni ngeta. Asiyekaa Nairobi huenda halijui neno hilo: mtu anakujia kwa nyuma, anakukaba shingo kwa mkono, mwenzake anakupekua. Ilikuwa Machi, mvua ya masika imeanza kudondoka, nami nimebakisha ngazi chache kumaliza kushuka daraja la miguu la Outer Ring Road ili nipande gari la mjini. Sikusikia hatua. Nilisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye mkono wa koti, halafu hewa ikaisha. Walichukua pochi yenye shilingi 4,300 za mtaji, wakachukua simu, wakaniacha nimepiga magoti kwenye maji. Yote hayakufika dakika moja. Niliandikisha kituoni, nikapewa nambari ya OB, daftari la matukio la polisi, nikafunga laini, nikarudisha laini. Shingo ilipona kwa wiki mbili. Kilichobaki ndicho ninachotaka kukieleza.

Hofu ilijificha mahali nisipoitarajia. Mtu akipanda ngazi za ploti nyuma yangu, nilijibandika ukutani apite kwanza. Jirani akiwasha jiko la mafuta ya taa, mikono ilikufa ganzi. Katika foleni ya matatu niligeuka nyuma kila mara hadi makanga akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Mzigo nikaanza kumtuma kijana wa bodaboda aninunulie. Alijitahidi, lakini hajui kuchagua, na kila safari alitaka chake. Wateja wangu wa miaka mingi wakaanza kupita na mifuko kutoka kibanda kingine. Walinisalimu wakiangalia pembeni, nami sikuwalaumu.

Nilikwenda kanisani kuombewa. Nataka niseme hili kwa upole, maana waliofanya hivyo walinipenda. Waliniwekea mikono, wakakemea roho ya woga, wakanisomea Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza mstari wa saba: "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu, na ya upendo, na ya moyo wa kiasi." Wakaniuliza kama nimejisikia mwepesi. Nikasema ndiyo. Jumapili ile nikapewa kipaza sauti, nikasimama mbele ya kanisa zima na kutoa ushuhuda kwamba Bwana ameniondolea hofu yote. Watu wakapiga vigelegele. Jumatatu mkono wangu ulikuwa kwenye komeo na haukuvuta.

Sasa nilikuwa na mizigo miwili, hofu na ule uongo. Nilianza kuukwepa ushirika wetu wa Jumatano kwa sababu ningeulizwa biashara inaendeleaje. Mstari ule wa Timotheo, ambao naupenda, niligeuka nikausikia kama kiboko: kama Mungu hakunipa roho ya woga, basi hii niliyo nayo nimeitoa wapi, na mimi ni Mkristo wa namna gani?

Aliyenifuata nyumbani ni mama mmoja wa makamo ya kuzeeka, sote tunamwita Shosho. Aliuza viazi Marikiti kwa miaka mingi kabla ya magoti kumchosha. Aliketi, akakataa chai, akaangalia mlango wangu. Nilikuwa nimeongeza makomeo mawili.

"Haya mapya ni ya lini?" akauliza.

Nikamwambia. Nilipoanza kusema sikuweza kunyamaza, nikamwambia hata lile la ushuhuda. Hakushtuka. Akaanza kunisimulia ya kwake.

Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, Shosho alikuwa Marikiti wakati bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Si mbali na sokoni. Waliokuwepo Nairobi siku ile wanakumbuka jengo la Ufundi lililoporomoka lote, na watu zaidi ya 200 waliopoteza maisha. Leo mahali pale ni bustani ya ukumbusho, watu hukaa kwenye nyasi wakipumzika. Shosho hakuumia mwilini. Lakini kwa miezi mingi hakuweza kukanyaga Haile Selassie. Lori likitoa mlio wa bomba la moshi, alijikuta amelala chini ya meza ya mtu.

"Na nilikuwa nimeokoka miaka kumi na miwili," akasema. "Usidhani wokovu unakunyang'anya masikio."

Kisha akaomba Biblia yangu. Nilitarajia Timotheo tena. Akafungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya pili, akaniambia nisome mstari wa tatu kwa sauti. Paulo anawaambia watu wa Korintho, "Nami nilikuwa kwenu katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi." Nilisoma mara mbili. Yule yule aliyemwandikia Timotheo habari za roho ya woga alifika Korintho akitetemeka! Na alikuwa na sababu. Filipi alikuwa amechapwa bakora na kutiwa gerezani, Thesalonike akatoroshwa usiku. Mtu aliyepigwa hujua njia ilivyo.

Halafu Shosho akanipeleka Matendo ya Mitume, sura ya kumi na nane. Ni Korintho hiyo hiyo, usiku, na Bwana anamwambia Paulo katika njozi: "Usiogope, bali nena, wala usinyamaze." Sehemu hiyo niliijua tangu shule ya Jumapili. Sababu inayokuja mwishoni ndiyo sikuwahi kuitia maanani: "kwa maana mimi nina watu wengi katika mji huu."

"Umesikia?" Shosho akasema. "Hakumwambia atamwondoa Korintho. Amemwambia mji una watu wake. Haya, nihesabie. Kutoka mlango huu hadi Marikiti, Mungu ana watu gani?"

Sikuwa na jibu. Akanihesabia yeye. Soja wa ploti, mzee wa Kanisa la Kiinjili, anayekesha langoni na kitabu chake cha nyimbo. Mama wa mandazi anayewasha jiko saa tisa na nusu karibu na daraja. Wanawake watatu wa ushirika wa mtaa wa juu, wote wauza mboga, wote wanaondoka saa ile ile, kila mmoja peke yake na hofu yake mkobani. Nilikuwa nimewapita miaka yote hiyo bila kuwajua majina.

Kuanzia wiki iliyofuata Shosho alikuja kulala kwangu. Mwanamke wa magoti mabovu akawa anaamka saa kumi na mimi. Asubuhi ya kwanza tulifungua mlango tu, tukasimama kwenye ukumbi. Alinifundisha sala ya pumzi mbili kutoka Zaburi ya 56. Ukivuta pumzi: siku ya hofu yangu. Ukiitoa: nitakutumaini Wewe. Zaburi hiyo, kichwa chake kinasema, ni ya Daudi alipokamatwa na Wafilisti huko Gathi, na Gathi ndiko alikotoka Goliathi. Mtu aliyemwangusha jitu lile yuko mjini kwao, na anaogopa, na anasema anaogopa. Haandiki kwamba siku hiyo ya hofu haitakuja. Pale ukumbini, nikiwa na taa ya simu mkononi, mstari huo ulinifaa kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, kwa kuwa ulinikubali nilivyo asubuhi ile.

Asubuhi ya pili tulishuka hadi langoni. Soja alitusalimu, akawasha taa ya ziada. Ya nne tulifika kwa mama wa mandazi, nikanywa chai ya rangi nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani. Ya saba nilifika daraja, nikapanda ngazi tatu, harufu ya mafuta ya taa ikanijia, sijui kama ilikuwepo kweli au ilitoka kichwani mwangu. Nikageuka, nikashuka mbio, nikalia barabarani mbele za watu. Nilimwomba Shosho radhi. Aliniambia, "Radhi ya nini? Leo tumekanyaga ngazi tatu. Jana hatukukanyaga hata moja."

Katika siku hizo muuguzi mmoja wa kanisani kwetu, aliposikia kwamba naota ndoto ile ile kila usiku, alinishauri nionane na mshauri nasaha. Nilikwenda mara tano. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni kupungukiwa na imani. Mimi naona ni sawa na kufunga bandeji kwenye kidonda ulichokiombea.

Tulibadilisha pia mambo ya kawaida. Wale wanawake watatu walikubali tukutane langoni kwetu. Tukaacha njia ya mkato tukachukua ile ndefu yenye taa. Hakuna anayebeba noti za mtaji tena, mzigo tunalipia kwa M-Pesa tukiwa sokoni, na tunarudi na pikapu moja, gharama tunagawana. Tulisali kabla ya kutoka, sala fupi, kila mmoja akitaja jina la mwenzake.

Nilivuka daraja lile mwanzoni mwa Juni, katikati yao, macho yakiwa kwenye visigino vya aliyetangulia. Nilitetemeka ngazi zote za kupanda na zote za kushuka. Pale nilipopigia magoti Machi palikuwa na maganda ya mahindi ya kuchoma na karatasi. Nilidhani ningehisi ushindi mkubwa. Nilihisi njaa.

Halafu Muthurwa, kituo cha matatu, halafu Marikiti. Wabebaji wanapiga kelele watu wakae kando, magunia ya viazi yanapita juu ya vichwa, matope yanafika kwenye kifundo cha mguu, na tochi za simu zimewaka kila kona kama nyota zilizoshuka. Dania iliyokanyagwa ilinukia hewani. Niliinama kwenye kreti ya nyanya, nikaishika moja karibu na kikonyo, nikaibonyeza kidogo kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu na baridi ya usiku. Nilikuwa sijashika nyanya ya namna hiyo kwa miezi mitatu. Muuzaji akaniuliza, "Mama Umoja, ulikuwa umesafiri?" Nikamwambia ndiyo, nilikuwa mbali.

Palibaki jambo moja, na ndilo lililonigharimu kuliko daraja. Jumapili ya tatu ya Juni nilimwomba mchungaji nafasi. Nikasimama pale pale, nikashika kipaza sauti kile kile, nikasema ushuhuda wangu wa mwezi wa nne haukuwa wa kweli. Nikasema niliona aibu kuogopa mbele ya watu wa Mungu, nikadanganya. Nikasema nimeshavuka daraja, na bado nimeogopa asubuhi hii hii, na Bwana yuko nami katika kuogopa huko. Hakukuwa na vigelegele. Nilirudi kitini nikiwa nimelowa jasho mgongoni.

Baada ya ibada nilibaki nje hadi saa nane mchana. Alinijia kijana wa bodaboda ambaye tangu ajali yake hupitia njia nyingine akwepe mzunguko mmoja. Akaja mama anayeogopa kufungua bahasha ya majibu ya vipimo vyake, nayo ilikuwa mkobani, siku ya tisa. Tuliifungua pamoja chini ya mti, yeye, mimi na Shosho. Yaliyokuwa ndani ni yake, siwezi kuyasema.

Hofu bado hunitembelea, hasa mvua inapoanza. Makomeo mawili niliyaondoa, moja nimeliacha. Shosho alirudi kwake zamani, lakini hupiga simu saa kumi kamili kila siku ya kazi, hasemi kitu ila "Siku ya hofu yangu," nami namalizia.

Wiki jana binti wa chumba cha chini, aliyepata kazi ya zamu ya alfajiri hotelini mjini, alinisimamisha kwenye ngazi. Alikuwa akizungusha ufunguo kwenye kidole. Akauliza, "Auntie, ninyi huondoka saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na robo, langoni, aje na sweta kwa sababu kuna baridi. Amekuja siku nne. Ya tano alichelewa, tukamsubiri. Tulisikia komeo la mlango wake likivutwa, likisimama, likivutwa tena.